Upande wa Wanawake

Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye mlango wa studio ya mdogo wangu Lameck, pale Nkwenda, namenya ndizi za mchana. Studio ni jina la heshima tu. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge, kuta zimebandikwa trei za mayai na magodoro yaliyochoka, na jogoo wa jirani ameimba kwenye albamu nyingi kuliko waimbaji wenyewe. Lakini kwaya za Kyerwa yote na nusu ya Karagwe zilikuwa zinarekodi kwake, kwa sababu Lameck alikuwa na masikio. Mama alizoea kusema huyu mtoto anasikia mvua ikiwa bado iko Rwanda.

Alikuwa anamalizia wimbo wa kwaya ya kanisa letu la Kamuli, unaitwa "Nafasi Yangu Ipo". Aliyeongoza alikuwa Nikuze, binti wa Mukandekezi, yule mama kibarua anayechuma kahawa za watu. Familia yao ilitoka Rwanda zamani, Nikuze akazaliwa hapahapa. Msichana huyo alikuwa na sauti ya kukufanya uache kisu. Kasoro yake ilikuwa moja: kabla ya kuanza kuimba alivuta pumzi ndefu yenye mlio, kama mtu aliyetoka kuzama majini. Lameck alikuwa anaikata kila mara.

"Njoo usikie, dada," akaniita, akanivika hedifoni kubwa. "Besi nimewaweka kulia. Soprano kushoto. Nikuze yuko katikati. Umemsikia?"

Nilimsikia. Alikuwa mbele ya paji la uso wangu.

"Sasa hapo katikati hakuna spika," alisema akicheka. "Nimempeleka kushoto na kulia sawasawa, sikio lako likadanganyika. Katikati hakuna kitu. Kuna mzimu tu."

Nikamwambia aache kutaja mizimu huku nimeshika kisu. Tukacheka. Ndipo akaingia Mzee Rwegasira.

Rwegasira ni mwenyekiti wa kwaya, mwenye kibanja cha migomba na kahawa kikubwa kuliko vyote pale kwetu, na mwenye koti ambalo halivuliwi hata jua likiwaka. Alikuja na binti yake Restuta. Nisimseme vibaya Restuta. Mungu alimpa vingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu anayesikika katikati ni nani?"

"Ni Nikuze, mzee."

"Mweke pembeni. Katikati akae Restuta."

"Pembeni wapi, mzee?"

"Huko kushoto. Mpaka mwisho. Kwaya ina wenyewe."

Lameck hakubisha. Nilimtazama anavyofanya. Kwenye kioo cha kompyuta kuna kiduara kidogo kando ya kila sauti. Mafundi wanasema ni cha kupani, yaani kuisogeza sauti upande mmoja au mwingine. Alikishika kiduara cha Nikuze kwa kipanya, akakizungusha kushoto hadi kikagoma. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kumenya ndizi moja. Nikuze akawa sauti ya ukutani.

Siku ya soko Nikuze mwenyewe alifika studio, kajifunga kitenge cha njano. Alikuwa ameusikia wimbo kwenye simu ya mtu.

"Kaka Lameck, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mimi ni fundi tu. Nenda kamwambie mzee mwenyewe."

"Nitamwambia," alisema. "Nafasi ile ni yangu. Sikuiomba kwa mtu."

Akaishika njia ya kwa Rwegasira. Nilikuwa naangalia kitenge chake cha njano kikiingia kwenye migomba. Hakuna aliyemwona tena.

Jumapili iliyofuata Rwegasira alisimama kutoa matangazo, akasema Nikuze amevuka mto wa mpakani, amerudi kwao. Kwao! Msichana ambaye kitovu chake kimezikwa chini ya mgomba wa hapa Kamuli. Lakini watu waliitikia kwa vichwa. Mwenyeji akipotea kijiji kizima kinaamka na tochi na ngoma. Mtu wa kuja akipotea, amerudi kwao. Linaisha. Mama yake alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza, wakampa kiti, wakampa maji, wakamwambia avumilie.

Wiki hiyohiyo Rwegasira alimwaga saruji kwenye sakafu mpya ya kuanikia kahawa. Kahawa zenyewe zilikuwa bado kijani mitini. Hakuna aliyeuliza haraka ya nini.

Kisha ikaja Jumapili ya kuuzindua wimbo.

Kanisani kwetu wanaume hukaa kulia na wanawake kushoto. Ndivyo tulivyowakuta wazee na ndivyo tunavyokaa. Lameck alifunga spika mbili kubwa mbele, moja kila upande. Hakuwaza kitu. Ile ya kushoto ikatukabili sisi, ile ya kulia ikawakabili waume zetu. Fikiria mwenyewe alichokifanya bila kujua.

Wimbo ukaanza. Upande wa wanaume walikuwa wanamsikia Restuta. Upande wetu Restuta alisikika pia, lakini Nikuze alikuwa juu yake, waziwazi, kama amekaa benchi la mbele. Wengine walianza kufuta machozi, maana tulikuwa tumemkumbuka. Ubeti wa pili ukaisha. Hapo palikuwa na kinanda tu, nilijua, nilikuwepo wakati wa kurekodi.

Tukasikia pumzi. Ile ndefu, yenye mlio.

Halafu tukasikia sauti, si ya kuimba.

"Mama, ndi hano."

Mama, niko hapa. Alisema kwa Kinyarwanda, na kwa Kinyambo, lugha yetu, tungesema karibu vilevile, kwa hiyo hakuna mwanamke aliyehitaji mkalimani. Placidia, jirani yangu wa benchi, aliushika mkono wangu hadi kucha zikaingia. Mukandekezi akasimama. Restuta, aliyekuwa amekaa nasi siku hiyo ili apongezwe, alitoka nje mbio, tukamsikia anatapika ukutani.

Upande wa pili wanaume walikuwa wanapiga makofi taratibu, wanatikisa vichwa, wanatabasamu.

Nje nilimwuliza mume wangu Projestus, "Umesikia?"

"Nimesikia. Wimbo mzuri," akajibu. Wala hakuwa anadanganya. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba hakuwa anadanganya.

Kesho yake niliingia studio na kumkuta Lameck ameiinamia kompyuta. Kwenye kompyuta kila sauti huchorwa kama mawimbi. Katika mstari wa Nikuze, baada ya ubeti wa pili, palipokuwa tupu siku zote, sasa palikuwa na wimbi dogo.

"Nimelifuta," alininong'oneza. "Nikifungua tena, lipo."

Alilifuta mbele yangu. Akaufunga wimbo. Akaufungua. Lilikuwepo.

Kabla hatujasemezana, Mukandekezi alikuwa mlangoni. Hakubisha hodi. Alisema tu, "Baba, nipe nimsikie mwanangu." Kumwita Lameck baba, kwa umri wake! Lameck akamvika hedifoni, akaucheza wimbo.

Mama wa watu alifumba macho. Kisha akaanza kugeuka. Aligeuka taratibu, anatafuta, hadi akaukabili ukuta wa nyuma. Akasimama.

"Huku," akasema. "Yuko huku mbele."

Lameck akakunja uso. Akamwomba hedifoni, akavaa yeye, akageuka vilevile.

"Dada, hili haliwezekani," alinong'ona. "Ukiwa umevaa hedifoni, ukigeuka, muziki wote unageuka na wewe. Wa kushoto anabaki kushoto. Lazima."

"Na Nikuze?"

"Nikigeuka, yeye habanduki. Yuko sehemu yake."

Mukandekezi hakutaka maelezo. Alitaka waya mrefu, atoke nje. Lameck akauhamishia wimbo kwenye simu yake, akampa hedifoni ndogo za masikioni, na yule mama akatoka. Mchana ule wa jua, watu wanauza mihogo, pikipiki zinapita, na mama anatembea na simu kifuani, anageuza kichwa kushoto, anageuza kulia, anatembea tena. Wimbo ukiisha, Lameck aliurudisha mwanzo. Tuliongozana naye njia yote ya kurudi Kamuli. Tuliiacha barabara. Tukaingia kwenye migomba. Majani makavu yalikuwa yanalia chini ya miguu yetu na mimi nilitamani yasilie.

"Yuko wapi sasa, mama?" nilimwuliza.

"Kushoto kidogo."

Tukapinda.

"Sasa?"

"Katikati."

Mbele yetu palikuwa na uwanja wa Rwegasira. Mwenyewe alikuwa amekaa kibarazani, koti lake mwilini, chupa ya rubisi, ile pombe ya ndizi, miguuni. Tulimwamkia. Alituitikia. Mukandekezi hakumwamkia. Alikanyaga ile sakafu ya saruji, peku, hatua baada ya hatua. Karibu na kona alisimama. Akainamisha kichwa.

"Chini," alisema. "Yuko chini."

Lameck alinishika bega.

"Kuna kushoto na kulia tu," alininong'oneza. "Hakuna kifaa changu kinachoweza kuiweka sauti chini."

"Huyo mama anaumwa?" Rwegasira aliuliza kutoka kibarazani. Nilimwona anainua chupa, anaishusha bila kunywa.

Mukandekezi alikwenda kwa Elipidius, mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye haki kiasi chake. Wanawake tulimsindikiza. Kila mmoja alisema alichosikia kanisani. Elipidius akakuna kidevu. Akasema yeye alikuwepo na hakusikia kitu, lakini hawezi kuwaita wanawake wote waongo, hasa wa kwake akiwemo. Basi ukaitishwa mkutano. Wimbo upigwe hadharani. Wanaume wakisikia, sakafu itavunjwa. Wasiposikia, mambo yaishe.

Mimi nililala kwa amani. Niliamini tumemaliza. Ilikuwa kazi ya kumsogeza Nikuze kutoka kushoto na kumrudisha katikati, na mwenye kufanya hivyo alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Jioni ya kuamkia mkutano, Rwegasira alikwenda studio. Nilikuwa uani pale nyuma, nasonga ugali. Alizungumza chinichini, na mimi sina masikio ya Lameck. Nilidaka maneno machache tu. Kwamba chumba cha studio ni mali ya mdogo wake yeye Rwegasira. Kwamba hakuna kwaya ya huku isiyomsikiliza yeye. Na akiwa mlangoni akasema wazi, kwa upole kabisa, "Wewe ni fundi tu, mwanangu."

Lameck hakula.

Mkutanoni, watu walijaa kuliko siku ya kugawa mbolea. Mukandekezi alikaa mbele chini, amevaa nguo ya kanisani. Lameck alikataa kuleta spika zake kubwa. Alisema umeme wa pale hautazibeba. Akaunganisha kompyuta yake kwenye ile spika ya kijiji, honi moja iliyofungwa mtini, inayotangazia chanjo.

"Mzee mwenyekiti," alisema mbele ya wote, "nimemweka Nikuze pande zote mbili, kushoto na kulia. Sijafuta kitu. Mungu ni shahidi."

Wimbo ukapigwa. Restuta aliimba. Kinanda kiliimba. Besi waliimba. Nikuze hakuwepo. Si kwamba alikuwa mbali. Hakuwepo kabisa, kama hajawahi kuzaliwa. Ubeti wa pili ukaisha. Kinanda. Kimya. Wanawake tulinyoosha shingo. Mukandekezi aliinua mikono miwili, viganja juu, akisubiri.

Hakikuja kitu.

Mwanaume mmoja alicheka. Wengine wakafuata. Elipidius akatazama chini, akasema mambo yameisha.

Mimi nilimtazama mdogo wangu na nikajua. Zamani aliwahi kunionyesha mchezo mmoja kwa sauti ya ngoma. Unaichukua sauti, unaiweka kushoto. Unatengeneza pacha wake, unampindua, juu inakuwa chini na chini inakuwa juu, unamweka kulia. Kwenye spika mbili utazisikia vizuri. Ziunganishe kwenye spika moja, zinauana. Kinabaki kimya. Honi ya kijiji ilikuwa moja. Lameck alimweka pande zote mbili kweli. Hakufuta kitu kweli. Alimtaja Mungu na Mungu hakuwa na pa kumkamatia.

"Umemzika mara ya pili," nilimwambia nyumbani.

"Mimi ni fundi tu," akasema. Nilimpiga kofi. Sijutii kofi lile.

Asubuhi aliamka hasikii.

Nilimwita, akanitazama mdomo. Nikapiga sufuria nyuma ya kichwa chake, hakushtuka. Akaanza kulia na kujipiga masikioni, na katika kuhangaika akaziba sikio moja kwa kidole. Akanyamaza. Akanitazama kwa hofu.

"Sema tena," akasema.

Nilisema. Alisikia. Akatoa kidole, akawa kiziwi. Masikio yote mawili yalikuwa mazima. Hospitali walimpima na mashine zao, wakasema hata mtoto mchanga hana masikio safi hivyo. Lakini yakiwa wazi yote, yanauana. Lazima azibe moja.

Na hapo ndipo kuna neno. Akiziba la kushoto, anasikia kwa la kulia: pikipiki, mbuzi, sisi. Akiziba la kulia, hasikii dunia. Anasikia pumzi moja ndefu, haiishi. Alijaribu mara moja tu. Tangu hapo kidole chake cha kushoto hakitoki sikioni, na studio imekuwa stoo ya vitenge. Watu wa Nkwenda wakimwona wanasema kalogwa na Wanyarwanda. Hata hilo wamelipeleka upande uleule.

Restuta alipelekwa mbali kusoma, ndivyo walivyosema. Kanisani wimbo ule haupigwi tena. Ila siku wanakwaya wengine wakiujaribu, upande wa wanaume unaimba, na upande wetu hakuna anayefungua mdomo. Hatukupanga. Tunampisha Nikuze tu.

Na Mukandekezi? Msimu wa kahawa ulipofika alikwenda kwa Rwegasira, akapiga goti, akaomba kibarua cha kugeuza kahawa. Mzee alifurahi. Aliona amemshinda. Akampa reki ya mbao, akamwonyesha sakafu.

Nilikwenda kumwona mwezi uliopita, kumwomba msamaha kwa niaba ya ukoo wetu. Jua lilikuwa kali, kahawa zimetandazwa hadi ukingoni, nyekundu na nyeusi. Zimekauka kote, isipokuwa kwenye kona. Hapo kuna sehemu inayobaki na unyevu, urefu wa mtu aliyelala kiubavu. Hakuna aliyemwaga maji. Mama wa watu anageuza kahawa zote, akifika pale anazunguka, hakanyagi.

Nilisema niliyokuwa nayo. Alichomoa hedifoni ndogo moja kutoka sikio lake la kushoto, akaniwekea mimi kwenye la kwangu. Waya ulikuwa unaning'inia kifuani pake. Pini yake haikuchomekwa popote. Simu hana, ile ya Lameck alishairudisha.

Nikasikia pumzi. Inaingia. Inaingia. Inaingia.

"Bado hajaanza," Mukandekezi alininong'oneza. "Anajaza kifua kwanza. Ninyi mlikuwa mnaikata, ndiyo maana hamkujua urefu wake."

Kule kibarazani Rwegasira aliinuka kwenye kiti. Aligeuza kichwa kushoto. Akakigeuza tena, kushoto zaidi, hadi koti likamvuta shingo.

"Nani anahema hapo?" aliuliza.

Mukandekezi aliichukua hedifoni yake, akairudisha sikioni, akashika reki.

"Ni upepo, mzee," alisema kwa adabu, na akaendelea kugeuza kahawa.

Hapakuwa na upepo. Jani la mgomba halikutikisika hata moja.